Limepita kwa Makofi

Mama,

Shikamoo. Najua leo hakuna wa kuniitikia marahaba, lakini hukunilea nianze maneno bila salamu. Nakuandikia kwa sababu yule Mwenyekiti wetu wa tawi nimempata.

Unaukumbuka mkutano wa bonde la Msimbazi. Bwana Mipango alibandika michoro ukutani, akatuambia tuchague bonde tunalotaka wajukuu zetu walikute: lenye tuta la kuzuia maji, au lenye mto ulioachiwa nafasi yake. Tuta lingemkinga Mwenyekiti upande wake na kutusukumia maji sisi. Ukasimama, kanga yako bado ina tope la bustanini, ukasema, "Mto ukinyimwa njia, utapita chumbani." Watu wakacheka, wakakubali. Mwenyekiti naye akatabasamu: "Mpigieni makofi Mama Zuhura!" Tukapiga. Mimi nilipiga kuliko wote, kwa fahari. Hata hatujatulia, akamgeukia Katibu: "Ndugu Katibu, andika. Tuta limepita kwa makofi."

Makofi yako, Mama! Alikuibia mchana kweupe.

Masika ilipofika maji yakaja mpaka kitandani kwako, na ukuta ukakuangukia. Alikuja msibani. Akala pilau yetu, akasema ni kazi ya Mungu. Mungu ndiye aliyejenga tuta? Nilitamani kummwagia sufuria zima. Badala yake nikarithi meza yako ya mchicha pale Kariakoo, na kila mwanamke wa bondeni niliyemfungia fungu nilimkumbusha makofi yale. Wewe mwenyewe ulisema, neno likishafika kwa wauza mboga halina haja ya redio.

Jana Bwana Mipango alirudi na michoro yake. Mwenyekiti alitaka tuta lirefushwe. Nikasimama, kanga yako ileile kiunoni, nikasema tuta livunjwe na mto urudishiwe nafasi yake yote, hata pale alipomwaga kifusi akajenga nyumba mpya. Akacheka. Mazoea yana taabu, Mama. "Haya, mpigieni makofi binti wa marehemu!"

Tulipiga. Wanawake wote wa bondeni walisimama wakapiga, na mimi viganja bado vinawaka. Nikasema, "Ndugu Katibu, andika. Limepita kwa makofi." Mwenyekiti akaruka juu, eti huo si utaratibu. Bwana Mipango akamuuliza umebadilika lini. Akakaa.

Wapo wanaoniambia nisamehe. Hao mama zao wako hai.

Basi lala, Mama wangu. Buriani. Siku ya kuvunja nitawahi kufika, nikae mahali atakaponiona vizuri. Udongo ukishaondolewa nitapanda mchicha wako palepale, hilo nakuahidi. Na yeye akipita na godoro lake kichwani, nitasimama nimpigie makofi.

Mwanao,
Zuhura