Njia Panda Isiyokuwepo

Mlango wa bluu, chini ya daraja
Jumapili, baada ya chai

Mpendwa binamu yangu Mrefu,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa mtoto. Baridi ya huko imepungua? Huku hatujambo. Shangazi, mama yako mzazi, ametoka hospitali na anakunywa uji huku akiulalamikia. Natanguliza hilo ili usome ukiwa umekaa vizuri.

Jumanne alibanwa na kifua. Niliita gari la wagonjwa, likaja upesi, likapita juu yetu. Dereva alikuwa akifuata ile ramani ya kwenye simu inayochorwa na watu wote, ambayo nawe huichora ukiwa huko. Ikamwambia akate kushoto katikati ya daraja. Kushoto kuna ukuta wa zege, na chini yake paa letu. Akachungulia.

"Kaka, hapa nashukaje?"

"Hapo hapashukiki," nikamjibu.

Kugeuza gari kungechukua muda, kwa hiyo walishusha machela kwa ngazi zilizo kando ya nguzo. Tukapanda nazo tumembeba mama yako, na kila tuliposimama nilisikia anavyoitafuta pumzi. Niliogopa, binamu. Sina neno jingine.

Alipolazwa, nilikaa kwenye benchi la wodi nikaifungua ramani. Nukta inayounganisha daraja na barabara yetu uliiweka wewe; jina lako limeandikwa pale. Kwenye picha ya setilaiti vinakatana, ni kweli, lakini kimoja kinapita juu ya kingine. Wewe ulijaza njia panda uliyoiacha ulipoondoka, ile ya fundi baiskeli. Fundi alihama walipoanza kusimika nguzo. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na yako ilikaribia kutupiga sisi.

Nukta nimeifuta. Daraja nimelipandisha tabaka la kwanza, yaani juu, barabara yetu imebaki tabaka la sifuri, chini yake. Sasa simu inamzungusha mtu kwa upande wa sokoni mpaka mlangoni. Nimejaribu mwenyewe kwa pikipiki ya jirani, ambaye bado anaulizia mafuta yake.

Nilipomweleza Shangazi alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, "Kumbe kwake daraja bado halijajengwa." Akageukia ukutani, nami nikajifanya natafuta miwani yake.

Zile ngazi sijazichora. Daraja limezifunika, hata setilaiti haizioni. Mtu sharti azipande ndipo ajue zinapopinda. Daktari amesema Shangazi aanze kutembea taratibu. Kila asubuhi ananiomba nimfikishe kwenye ngazi ya chini, anakaa, anatazama juu. Anasema anapunga upepo. Pale hapana upepo.

Njoo uzichore.

Msalimie shemeji, na mtoto mwambie bibi yake anamuulizia. Baba mdogo na dada wanakusalimu. Mungu akulinde njiani, maana nimeshakuhesabu kuwa uko njiani.

Wako akupendaye, tabaka la sifuri,
Binamu yako