Askari Aliyenyamaza

Mjukuu wangu Neema,

Huku ughaibuni, mtaani Al Mankhool, hatujambo. Mama yako yuko kazini hotelini. Mimi ndiye situlii: nakaa, nainuka, nakwenda dirishani na mkongojo. Wiki ijayo napasuliwa nyonga. Nakujibu kwa barua, nitampa jirani anayesafiri kesho kuja huko, maana simu ni ya mama yako na haya sitaki ayakute humo.

Umeuliza, kwa kuwa unasomea uuguzi, zamani tulijuaje kama mgonjwa amelala. Wakati wa vita vya Kagera nilikuwa nesi mgeni kazini. Nilimdondoshea askari mmoja nusukaputi, dawa ya usingizi, kwenye kitambaa usoni, aungwe mfupa wa paja. Akanyamaza kabisa. Nikasema, "Daktari, amelala." Kisu kilipoingia, nikaona machozi yanamtoka. Alikuwa macho, ila amefundishwa kwamba mwanamume halii. Tangu siku hiyo nikawa nagusa kope kwanza, ikicheza, tunasubiri.

Juzi daktari wa hapa kaniuliza, "Mama, unaogopa?" Nikacheka, nikamwambia sina wasiwasi. Mama yako akafurahi kweli.

Mpigie mama yako, Neema. Mwambie naogopa. Mimi nimeshindwa kumwambia.

Bibi yako