Kitabu alichoniazima wifi

Shoga, we acha tu. Wifi yangu kaniazima kitabu cha kutisha, eti kitamu balaa. Ukurasa wa tatu tu, mtu anachunwa ngozi akiwa hai.

Anachunwa! Akiwa hai! Nimekirusha huko mpaka kikagonga kabati.

Nikampigia. Anacheka! "Wifi, mkunga mzima unaogopa damu ya kwenye karatasi? Mwoga we!"

Mimi damu naizuia ili mtu apone. Huyo mwandishi anaimwaga kama maji ya kuoshea vyombo, kwa alivyonisimulia wifi, mbele huko kamaliza ukoo mzima na hakuna hata mama mmoja aliyelia. Upuuzi mtupu.

Halafu huyo wifi, jasiri wa vitabuni, juzi si alikuja kliniki na mimba yake? Nikamtoboa kidole kupima damu. Tone moja tu, akazirai.

Aliyemdaka nani? Huyu huyu mwoga.