Boti Tuliyobadilishana na Pikipiki

Jumamosi, 14 Juni. Ruhembe.
Tumetoka majini saa nne asubuhi. Perege wa kutosha mchuzi, kambale mmoja. Nimechota maji kwa kopo njia nzima, mtumbwi unavuja palepale pa siku zote. Magoti yananiuma. Mume wangu, Baba Rehema, nyuma na kasia lake, mimi mbele na langu. Ndivyo tulivyo tangu alipostaafu reli. Ijumaa tunapanda basi Kilosa, tunalala hapa kwa dada yake Mwanaidi, Jumamosi alfajiri bwawani, Jumapili tunarudi nyumbani. Watu wazima wenzetu wanalima. Sisi tunatembea majini.

Leo tukifunga kamba akasema amepata boti. Ya mbao, ina injini, ina paa la turubai, watu wawili wanalala ndani. Anataka twende mpaka kule mto unakoingilia bwawani, tulale hukohuko siku mbili tatu. Kwa mtumbwi hatufiki.

Nikasema sawa. Sijui kwa nini. Mimi sipendi kulala nje ya kitanda changu.

Jumanne, 17 Juni. Kilosa.
Nimemuuliza boti ameipata kwa kutoa nini. Amebadilishana na pikipiki.

Ilibidi nikae chini. Pikipiki ile hakuwahi kumwazima mtu. Wakati wa msiba wa jirani walimwomba, akaona bora awapeleke mwenyewe, safari zote. Sasa anampa fundi Mkude, anayeunda maboti kule bwawani, kama anampa kuku. Nikauliza tena. Akasema umri wa pikipiki umempita. Mwaka jana tu kaenda nayo Morogoro kufuatilia mafao na kurudi siku hiyohiyo.

Dukani kwangu mteja ameniuliza boti ya biashara gani. Nikasema ya kutembea tu. Akacheka, akajua natania. Nikacheka naye. Sielewi nilichokicheka.

Jumapili, 29 Juni. Ruhembe.
Nimeiona. Iko juu ya magogo uani kwa Mkude, rangi ya bluu. Ndefu mara mbili ya mtumbwi, na pana. Benchi kila upande, za kulalia. Katikati bati lenye mchanga, mahali pa jiko la mkaa. Injini inapachikwa nyuma, ina mkono wa kuiongozea. Nilipanda nikakaa. Iko nchi kavu na bado nikahisi kizunguzungu.

Baba Rehema aliizunguka taratibu, kiganja juu ya mbao muda wote, kila ubao, kila kichwa cha msumari. Nikaona wivu. Mimi huyu, wivu wa mbao.

Mkude kijana muungwana, kanipa shikamoo mara mbili, nadhani ya kwanza alisahau. Akawasha pikipiki akaondoka nayo kwenda kuijaribu. Baba Rehema hakugeuka kuitazama.

Alhamisi, 10 Julai. Kilosa.
Mtumbwi umechukuliwa na mvuvi mmoja wa kulekule. Mwanaidi kapiga simu kunijulisha. Nimelia huku nampimia mteja kitenge. Mtumbwi unaovuja. Sikujua kama naupenda.

Jumamosi, 19 Julai. Ruhembe.
Siku ya kwanza na boti. Mbaya.

Kaniambia nikae nyuma nishike mkono wa injini. Miaka yote nyuma ni kwake. Nikasema siwezi. Akasema utaweza. Ukisukuma mkono kulia, boti inakwenda kushoto. Kichwa changu kinakataa. Halafu mtumbwi ukiacha kupiga kasia unasimama. Hili boti likizimwa injini linaendelea kwenda, kama halijasikia. Nimepanda tope mara mbili. Mara ya pili akafoka. Hajawahi kunifokea majini, hata siku tuliyofukuzwa na kiboko.

Baadaye akatulia. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Tena. Tena. Jua la utosi, njaa inauma, yeye anasema tena. Ana haraka ya wapi?

Jumapili, 20 Julai. Kilosa.
Kiganja kina malengelenge. Kwenye basi nimemuuliza kwa nini asiendeshe mwenyewe. Mgongo, akasema. Sijawahi kusikia habari ya huo mgongo.

Jumamosi, 2 Agosti. Ruhembe.
Niligoma. Nikasema leo endesha wewe, mgongo au si mgongo. Akaenda kukaa nyuma.

Maji yameshuka. Visiki vya ile miti iliyofunikwa wakati bwawa linajazwa vimeanza kutokeza. Kimoja kilikuwa upande wa kushoto, kirefu, juu yake mnandi katanua mabawa anayakausha. Nikanyoosha kidole. Nikasema, kisiki hicho. Akasema amekiona. Akakiendea moja kwa moja. Ndege akaruka, boti ikagonga, ubao ukapasuka.

Maji yaliingia kwa nguvu. Nimesokomeza khanga yangu kwenye ufa, nikakaa juu yake, huku yeye anatafuta ukingo kwa kasia. Maboya tuliyovaa yamenibana shingo. Niliogopa kufa. Na nilimchukia. Naandika kama ilivyokuwa.

Anasema kisiki kilikuwa chini ya maji. Kilikuwa na ndege juu.

Jumatatu, 4 Agosti. Kilosa.
Nawaza mambo ya ajabu. Kwamba amerukwa na akili. Kwamba anataka tuzame. Kwamba kuna mwanamke, ingawa sioni mwanamke na kisiki vinahusianaje.

Leo kamimina chai kando ya kikombe. Akafuta kwa mkono wa shati kabla sijasema kitu. Nikajifanya natafuta sukari.

Ijumaa, 8 Agosti. Ruhembe.
Nimemsimulia Mwanaidi jikoni. Pikipiki, kisiki, ndege, chai. Akaacha kupepeta mchele. Akauweka ungo mapajani. Akasema, wifi, kamuulize mwenyewe, mimi aliniapisha.

Kwa hiyo kuna jambo. Wifi yangu analijua, mimi silijui.

Jumamosi, 9 Agosti. Ruhembe.
Nimemuuliza. Ilikuwa uani kwa Mkude, Mkude kaenda kuazima randa. Baba Rehema kakaa kwenye gogo kando ya boti.

"Kile kisiki ulikiona, au hukukiona?"

Alikuwa anachezea kipande cha pamba ya kuzibia mbao.

"Upande wa kushoto sioni, Mama Rehema. Tangu mwaka jana."

Presha ya macho. Ile safari ya mafao ya Morogoro ilikuwa ya hospitali. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia linajifunga kutoka pembeni kuja katikati, pole pole. Wamemwambia kilichopotea hakirudi, dawa ni ya kuchelewesha tu. Chupa ya matone anaiweka mfuko wa ndani wa koti, anajitilia msikitini baada ya swala. Mwaka mzima. Koti nafua mimi. Kumbe kila nikilifua anaihamisha.

Siku ile alirudi kutoka Morogoro na pikipiki, malori yakimpita ubavuni, akiwa na jicho moja. Halafu akaja akala wali, akasema barabara nzuri siku hizi.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ningekwambia, ungesema tukae nyumbani. Nilitaka uizoee boti kwanza."

Akaeleza mengine bila mimi kumuuliza. Kwenye mtumbwi anayekaa nyuma ndiye macho. Mimi peke yangu siwezi kumvuta kwa kasia, yeye ni mzito. Boti yenye injini mtu mmoja anaimudu, hata mwembamba kama mimi. Na kule mto unakoingilia anataka apaone akiwa bado anaona.

Mkude akarudi na randa. Nikamsaidia kushika ubao. Sikujua mikono niipeleke wapi.

Jumanne, 12 Agosti. Kilosa.
Simsemeshi. Nampakulia, naondoka. Nina hasira mpaka meno yanauma, na kila nikitaka kujua hasira ya nini hasa, inanikimbia. Ya kunificha? Ya kumwambia Mwanaidi? Ya ugonjwa? Jana niliamka na hasira ya kisiki.

Rehema kapiga simu kutoka Dodoma. Baba yake kamweleza yote kabla yangu, sasa anawaeleza watu kama anagawa tende. Rehema anasema tuuze boti, baba akae nyumbani atulie. Mtoto anasema kweli. Nikamwambia chaji inakwisha.

Jioni nimefumba jicho la kushoto, nikatembea hivyo kutoka dukani mpaka nyumbani. Bega nimeligonga kwenye nguzo ya banda la chipsi. Kijana wa chipsi akasema pole mama. Nguzo sikuiona kabisa. Haikuwa giza. Haikuwepo.

Jumatano, 13 Agosti. Kilosa.
Nimemwekea matone mimi. Asubuhi, kitandani. Tone la kwanza likaenda sikioni.

Jumamosi, 23 Agosti. Ruhembe.
Boti imepona. Baba Rehema alibaki kwa Mwanaidi, alisema mwenyewe kwamba akiwepo atafoka. Nimekwenda na Mkude. Tulizunguka visiki vyote vya upande wa huku, nikafunga kamba, nikafungua, nikageuza boti kwenye upepo. Kisha Mkude akashuka ukingoni, akasema, mama sasa nenda peke yako.

Nikaenda. Mbali kidogo, kisha mbali zaidi. Mkono haukinzani tena na kichwa. Niliongeza mwendo bila sababu. Khanga ikaanguka mabegani, nikaiacha. Nikajikuta nacheka kwa sauti, mwanamke wa umri wangu, peke yangu katikati ya maji.

Nilifurahi. Sijui nifanye nini na furaha hii. Mume wangu anapofuka, na mimi sijafurahi hivi tangu lini. Niliporudi akaniuliza ilikuwaje. Nikasema ngumu. Ni uongo. Nadhani alijua, maana alitabasamu akiangalia upande ambao sikuwapo.

Jumapili, 31 Agosti. Kilosa.
Nimemwambia tunakwenda wiki ijayo. Mpaka mtoni. Sikumuuliza Rehema. Sijajiuliza na mimi vizuri. Duka nitamwachia jirani.

Jumamosi, 6 Septemba. Majini.
Tumeondoka na mkaa, mchele, mihogo, blanketi mbili, mafuta ya akiba, maji ya kunywa. Mwanaidi katusindikiza, akasimama ukingoni kashika tama. Nikamwambia asitulilie, hatujafa.

Baba Rehema kakaa mbele, mikono juu ya magoti. Siku za kujifunza alikaa kanigeukia; hii mara ya kwanza nauona mgongo wake majini. Kisogo kimekuwa cheupe. Hakuniambia kulia wala kushoto. Nilitamani aniambie.

Tumetia nanga penye kina, mbali na majani. Benchi ni ngumu. Nitaumwa kesho.

Jumapili, 7 Septemba. Majini.
Siku mbaya, kisha si mbaya.

Adhuhuri bwawa likabana. Kushoto visiki vingi kama shamba la mahindi yaliyovunwa. Kulia penye maji mazuri, viboko. Niliona masikio, kisha pua, kisha hakuna kitu, na hiyo ndiyo mbaya. Upepo ukaanza kutusukuma. Nikamuuliza Baba Rehema twende wapi. Swali la mazoea, miaka yote namuuliza yeye. Akageuka, jicho moja linatafuta sauti yangu.

"Sema unachokiona," akasema.

Nikamwambia. Viboko wako kulia, karibu na majani, nadhani familia. Visiki kushoto, kuna uwazi katikati, upana wa boti na kidogo. Aliuliza maji ya pale yana rangi gani. Nikasema meusi. Basi kuna kina, akasema. Hakusema pita. Akashika ubao.

Nikapita visikini. Pole pole, karibu nizime. Kimoja kilikwaruza ubavu mzima, mlio nitausikia mpaka kaburini. Hakikupasua. Tulipotokea upande wa pili nikakaa sakafuni huku nimeshika mkono wa injini juu ya kichwa kama mtu aning'iniaye.

Yeye alikuwa analia. Nilidhani ni hofu. Akasema si hofu.

Jumatatu, 8 Septemba. Mtoni.
Tumefika asubuhi. Nilitegemea kitu kikubwa. Ni mto tu, unaingia bwawani bila makelele, maji ya udongo yanakutana na ya kijani na kwa kitambo hayachanganyiki. Nikasogeza boti mpaka mstari ule ukapita chini yetu, akauona. Alisema ameuona. Nimemwamini.

Nimekuwa nikisema tangu alfajiri. Mlima upande wa jua una moshi. Nyani wanakunywa, mmoja kabeba mtoto. Mti umeanguka, mizizi juu. Wakati mwingine anasema hicho amekiona. Wakati mwingine anaitikia tu. Sauti yangu imekauka, mimi si mtu wa maneno mengi.

Nimechemsha mihogo. Mafuta yanatosha kwenda mbele kidogo kisha kurudi, au kurudi moja kwa moja. Mbele kuna kona, mto unaingia kwenye miti, sijui baada ya hapo kuna nini. Nimemuuliza anataka tufanyeje. Akasema anayeendesha ndiye ajuaye.

Sijui. Nimezima injini. Boti inaelea, imetulia. Yeye anakula muhogo, uso ameuelekeza kwangu, ananisubiri.