Nilimkemea Fundi Kwenye Maombi, Sasa Watoto Wanaingia Chini ya Ukuta Wangu

Mpendwa Mshauri,

Naandika nikiwa na shida, ila kwanza unijue vizuri: Mungu akitaka kuongeza chumba huko mbinguni kesho asubuhi, simu ya kwanza atanipigia mimi. Sitanii. Nina miaka ishirini na miwili, shule niliiacha kidato cha pili kwa makubaliano ya pande zote mbili, lakini nimejenga darasa zima la watoto kwenye nchi ya watu kwa siku tisa, na picha zipo, nimesimama mbele yake mikono kiunoni, ukiziona utaniozesha binti yako bila kuuliza kabila.

Ilikuwa hivi. Vijana kumi na mmoja wa kanisa letu tulichaguliwa kwenda misheni ya wiki mbili nchi ya jirani, kule Kiswahili wanakijua ila wanakiimba kidogo, na kwenye fomu palikuwa na mahali pa kuandika ujuzi wako, wenzangu wakaandika kuimba, kufundisha watoto, kupiga kinanda, sasa mimi kinanda sijui na nikiimba watu huuliza nani anaumwa, nikaandika "fundi ujenzi". Si uongo mkubwa, Mshauri. Nilibeba karai la zege miezi mitatu kwenye jengo la ghorofa, na mtu akibeba karai macho hayafungwi, anaona wenzake wanavyofanya. Basi kiongozi wetu wa safari, ambaye nyumbani ni mwalimu wa kwaya na hajui tofauti ya tofali na mkate, akaisoma ile fomu akapiga kelele, "Bwana ametupa injinia!" Kuanzia hapo jina likaganda. Hata pale mpakani, afisa anaitazama pasipoti yangu mpya ambayo kwenye picha nimetoka kama mshukiwa, wenzangu wanamwambia, "Huyo mpitishe haraka, ndiye Injinia."

Kazi ilikuwa chumba cha watoto nyuma ya kanisa la wenyeji, kuta nne na madirisha mawili, maana watoto wao walikuwa wanafundishiwa nje, jua lao, vumbi lao. Wenyeji walituwekea fundi wao, mama wa makamo wanayemwita Mama Timazi, kwa sababu ya ile kamba yenye kipande cha chuma ya kupimia kama ukuta umesimama wima, haimtoki mfukoni hata akienda ibadani. Yeye anajenga, anapima, anarudi nyuma anaangalia, anapima tena. Na sisi tuna siku tisa tu, ya kumi askofu wao anakuja kuweka chumba wakfu. Nikamwachia ukuta wa mbele, mimi na vijana wangu tukachukua wa nyuma, ule mrefu. Mshauri, tulipanda! Yeye ana mistari mitatu ya matofali, sisi saba. Nikamtania, "Mama, huo ukuta unaujenga au unaumwagilia maji uote?" Akacheka mpaka akakalia ndoo. Alikuwa ananipenda yule mama, ananiita mwanangu.

Siku ya tano asubuhi akaja upande wetu. Akashusha timazi. Akaishusha sehemu nyingine. Halafu akasema, kwa upole lakini watu wote wanasikia:

"Mwanangu Injinia, ukuta umelala nje. Tubomoe mistari mitano tuanze upya, na huku juu lazima tufunge nondo."

"Mama, muda hatuna."

"Muda ni wenu. Watoto ni wetu."

Vijana wangu wakanyong'onyea, mmoja akakaa chini kabisa, kiongozi wetu akaniangalia kama mtu aliyeuziwa saa mbovu. Kesho yake kwenye maombi ya asubuhi tumeshikana mikono, duara kubwa, Mama Timazi naye yumo, nikapewa niongoze. Nilianza vizuri, shukrani, afya, hali ya hewa. Halafu nikapaza sauti, "Tunaikemea roho ya kukatisha tamaa iliyoingia kwenye kazi hii! Iliyokuja jana na kamba! Toka!" Na wewe unawajua vijana wa kanisa wakisikia toka, wakalipuka wote, "Toka! Toka!", wengine machozi yameshawatoka na hawajui wanamlilia nani. Mama Timazi hakufumba macho. Alisubiri mpaka tukamaliza.

"Amina," akasema. "Lakini ukuta haujasikia."

Akachukua mwiko wake na karai lake akaondoka. Mchungaji mwenyeji, mtu mpole ambaye wageni anawashika kama mayai, akamtumia ujumbe apumzike kidogo, kwa ajili ya umoja. Sisi tukamaliza siku ya tisa jioni. Nondo hatukufunga. Plasta ikafunika kila kitu, plasta haina roho mbaya. Askofu akakata utepe, tukaimba, tukalia, tukarudi nyumbani, nikatoa ushuhuda madhabahuni dakika arobaini, bibi yangu aliyenilea amekaa mstari wa mbele anageukageuka ili watu wajue mjukuu ni wa nani. Safari ya mwakani nimeshateuliwa kiongozi.

Sasa, wiki iliyopita Mchungaji mwenyeji akanitumia picha. Ufa, umeanzia kona ya dirisha unapanda. "Injinia wetu, hii ni kawaida?" Nikamjibu, "Kawaida kabisa Mchungaji, plasta inakauka." Juzi ikaja picha nyingine. Ufa umefika juu, na kuna mtoto amechomeka penseli ndani yake, imeingia mpaka nusu, anacheka na kamera. Chini Mchungaji ameandika: "Asante kwa kututoa hofu. Mvua zimeanza, kwa hiyo Jumapili hii tunawaingiza watoto wote ndani, hamsini na wawili."

Leo Alhamisi, Mshauri. Sijala tangu juzi, na mimi kutokula si jambo dogo, bibi ameshaanza kuniuliza kama kuna msichana. Nikisema ukweli bibi ataficha wapi uso, na kanisa zima, na askofu wa watu. Mama Timazi nasikia hata kazi ya kupaka chokaa kanisani hawampi tena, wanasema ana kijicho na wageni. Nimefikiria labda nifunge siku tatu niuombee ule ukuta usimame. Au nimwambie Mchungaji asubiri kidogo, nitafute sababu, niseme rangi ina sumu. Nishauri, lakini usinikaripie sana, nakujua, wewe unakaripia mpaka wanaokusalimia.

Ni mimi, Injinia

*

Mshauri anajibu:

Barua hii haikuwa ya kusubiri gazeti. Nilimjibu kijana kwa ujumbe wa simu saa ile ile niliyoisoma, na kwa ruhusa yake nachapa nilichomwandikia.

Wewe kijana, acha kusoma hapa. Mpigie mchungaji. Usimwandikie, mpigie, uisikie sauti yake ikisema ameelewa. Mwambie, "Mimi si fundi. Ukuta wa nyuma si salama. Asiingie mtoto hata mmoja, na wasicheze karibu nao kwa nje." Hiyo habari ya rangi yenye sumu iache. Ukisingizia rangi, rangi itakauka, na watoto wataingia wiki inayofuata. Nenda. Nakusubiri.

Umerudi? Haya, sasa tuzungumze.

Umenichekesha, nakiri, na nikajichukia kwa kucheka, maana ile penseli bado naiona. Kufunga kwako siku tatu hakutanyoosha tofali hata moja, na unajua. Ukitaka kufunga, funga baada ya mlango wa kile chumba kufungwa. Naona unaogopa sana uso wa bibi yako. Bibi aliyekulea ameshaona aibu nyingi kuliko hii akazimaliza, hata siku ulipoacha shule hakufa. Mwambie mwenyewe, leo, kabla hajasikia kwa jirani. Umri wako ni wa kujisifu, hilo sikulaumu sana, na waliokupa ujenzi bila kukuuliza umejenga wapi nao wana lao. Yule mwalimu wa kwaya nitafurahi akisoma haya.

Lakini mama wa watu umemfanyia ubaya. Alikuja na kipimo, wewe ukamjibu na pepo. Ulitumia jina la Mungu kumziba mdomo mtu pekee pale aliyejua anachosema, na mpaka leo amekosa kazi na jina lake limechafuka. Ombi la radhi la pembeni, la ujumbe mfupi wenye vikopa, silitaki. Ulimkemea kwa sauti mbele ya watu, utamwomba radhi kwa sauti mbele ya watu wale wale. Mwombe mchungaji akuweke kwenye simu Jumapili, kanisa lote likusikie, na vijana wenzako kumi uwakusanye wasikilize. Kama ukuta ubomolewe au utegemezwe, ataamua yule mama, wewe huna neno. Uongozi wa mwakani rudisha wiki hii. Na akikukubalia, panda basi urudi ukambebee zege. Ile kazi unaijua kweli.

Jambo la mwisho. Barua yako ina maneno mengi, lakini inaruka kutoka asubuhi ya siku ya tano hadi maombi ya siku ya sita. Kijana anaambiwa mbele ya wenzake kwamba ukuta wake umelala, halafu mchana mzima haendi kuutazama? Sikuamini. Hilo si lazima unijibu mimi.

*

Jioni ile ile kijana alinitumia haya. Ameniruhusu niyachape pia.

Mshauri, nimepiga. Mchungaji akasema, "Nimeelewa," akaniuliza tena, "Wa nyuma?", nikasema wa nyuma. Amefunga mlango kwa kufuli na amewaomba akina baba watundike maturubai upande wa pili wa uwanja. Kisha nikampigia Mama Timazi, akapokea mwenyewe. Nilijiandaa anitukane, nikawa nimeshika ukuta wa kwetu. Akasema, "Umefanya vizuri kupiga kabla ya Jumapili," kisha akaniuliza nilichanganya mifuko mingapi ya saruji, nikamwambia, akashusha pumzi. Kesho anaubomoa. Bibi nimemwambia. Ametoka nje kufagia uwanja ambao alishaufagia asubuhi.

Ila lile swali lako. Mama Timazi nimemwambia yote isipokuwa hilo, sikuweza, aliponiita mwanangu nikaaga nikakata simu. Jumapili nitalisema, nakuandikia wewe kwanza nijue kama linaweza kunitoka.

Mchana wa siku ya tano wenzangu walikuwa kivulini wanapumzika. Nilienda nyuma peke yangu. Nikatoa kamba ya kiatu, nikafunga jiwe, nikaishusha kwenye ukuta. Kati ya jiwe na ukuta, vidole vitatu. Nikasogea hatua mbili nikaishusha tena. Vidole vinne. Nikavaa kiatu changu, nikarudi nikakaa na wenzangu, wakaniuliza, "Injinia, vipi?" nikasema, "Uko sawa." Kesho yake asubuhi nilipokuwa napaza sauti kwenye lile duara, Mshauri, nilikuwa nimeshapima.