Hotuba Niliyokwenda Nayo Bwaise

Mpendwa mjukuu wangu Amina,

Hapa Bukoto tu wazima. Bibi yako anadai nahutubia hata kuku.

Unauliza kama uwachukie wahadhiri wako, waliogoma kudai mishahara mtihani ukikaribia. Enzi za utawala wa wanajeshi, nikiwa mwanafunzi, mhadhiri wetu wa hisabati naye aliacha kufundisha kwa sababu hiyohiyo, akauza mkaa mtaani Bwaise. Nilimwendea na hotuba kali ya kumlaani.

“Nimegomea darasa, sijakugomea wewe,” alicheka. “Umekwama wapi?”

Akachukua kipande cha mkaa, akaanza kunifundisha ukutani. Askari akasimama: “Hii nini?”

“Namfundisha kijana kazi ya mkaa, afande.”

Nilifaulu mtihani. Hotuba ningali nayo, haijasomwa. Mtafute mhadhiri wako, mama. Beba daftari tu.

Babu yako