Upanga wa Babu na Meno ya Bess

Ludlow, 9 Machi

Dada yangu mpendwa Marjorie,

Natumaini goti linakuruhusu kupanda ngazi, na paka wako hajapunguza ulafi. Sisi huku hatujambo, ila mvua haikatiki, na mimi nimekereka kiasi kwamba mke wangu Doreen amehamia jikoni na redio yake.

Upanga wa Babu nimeupata. Miaka arobaini nimezunguka minadani, nikinunua panga za maofisa nisiowajua kwa lolote, na Jumamosi nikaukuta kwenye ukumbi wa kanisa, juu ya meza ya Bwana Pargeter, muuza vitu vya kale vya jeshi, kati ya kofia za chuma na vifungo vya sare. Niliutambua kwa mpini: alama za meno ya mbwa wetu Bess bado ziko kwenye ile ngozi ya samaki iliyoufunika.

Lakini ubapa wake, dada! Umesuguliwa ukawa mweupe kama kijiko cha hoteli. Nakshi zimekwisha, jina la Babu halisomeki. Hata aliyeanza kazi hii juzi anajua kwamba upanga wa kale hupakwa mafuta kidogo tu, ukaachiwa weusi wake. Pargeter aliniambia, "Mzee wangu, aliyeufanyia hivi afungiwe stoo na msasa wake." Nikamwitikia, nikacheka naye, nikarudi nyumbani nimefura.

Doreen aliniuliza nimemkasirikia nani hasa. Sikumjibu. Nakujibu wewe.

Baba alipoukuta umeharibika aliamini ni wewe, kwa kuwa kila Ijumaa wewe ndiye uliyesugua vyombo vya shaba. Akauuza kwa hasira, akakunyima salamu mpaka tunamzika. Ni mimi niliyeusugua, Marjorie. Nilitaka Baba auvae uking'aa kwenye gwaride la kuwakumbuka waliokufa vitani. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, si mtoto, nami nilikaa mezani nikila viazi huku akikufokea.

Nimeusaka miaka yote hii nikijidanganya kwamba nikiupata nitautengeneza. Hautengenezeki, nimejaribu tangu Jumapili. Nisamehe ukiweza, na usipoweza nitaelewa.

Doreen anakusalimu sana. Nimemsomea barua hii jikoni, naye amezima redio.

Ndugu yako,
Clement